Mjukuu wa Kwenye Fishi

Nilimaliza chuo kikuu nikiwa na shahada ya maendeleo ya vijijini, na tangu siku hiyo sijalala kijijini hata mara moja. Watu wa Bunia hawaoni ajabu katika hilo. Maendeleo ya vijijini hufanyika mjini, kwenye viti vya plastiki, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, na baada ya hapo kuna soda.

Kwa hiyo mradi ulipokuja kuunganisha huduma za afya na huduma za jamii katika mji wetu, mimi nilikuwa tayari. Wazo lenyewe, nikiri, halikuwa baya. Kabla ya hapo mgonjwa maskini alikuwa na safari mbili. Alienda kituo cha afya, wakamwambia shida yake ni ya kijamii. Akapanda hadi ofisi ya mambo ya jamii, wakamwambia shida yake ni ya kiafya. Kati ya ofisi hizo kulikuwa na kilima, vumbi jekundu, na mwendesha pikipiki ambaye ndiye pekee aliyeridhika na mpangilio ule. Mradi ukasema: basi. Kutakuwa na dirisha moja. Mtu atafika pale na mwili wake wote na shida zake zote, ataandikwa mara moja tu, kwenye fomu moja, ambayo ofisi zote mbili zitaisoma. Fomu hiyo tuliiita fishi ya pamoja.

Dirisha lilifunguliwa kwa utepe na maombi marefu. Kusema kweli yalikuwa madirisha mawili, kwa sababu mtu wa afya na mama wa jamii hawakukubaliana nani akae upande wa kivuli. Lakini yalikuwa kwenye ukuta mmoja, na ubao ulioandikwa DIRISHA MOJA ukatundikwa katikati ili kuepusha ugomvi.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mitaani na tableti, nyumba kwa nyumba, nikijaza fishi. Kabla ya kuanza tulifundishwa siku tano. Siku ya pili niliinua mkono, tabia ambayo imenikosesha marafiki tangu shule ya msingi.

Niliuliza juu ya garde-malade. Kwetu, hospitali hukupa kitanda, sindano na daktari. Chakula, maji ya kuoga, kufua shuka, kukimbia kumwita muuguzi, kumshika mgonjwa akienda chooni, hayo yote ni ya garde-malade, ndugu anayehamia hospitalini pamoja na mgonjwa akiwa na besani, mkeka na makaa. Mgonjwa asiye na garde-malade hapokelewi. Sisemi ni ukatili. Hakuna mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo, na wauguzi wawili hawawezi kuogesha wodi nzima. Upande wa pili, ofisi ya jamii humpa mzee chumba na unga kwa sharti moja tu, kwamba asiwe na mtu. Sasa, nikauliza, yule asiye na mtu akiugua, nani atabeba besani?

"Swali nzuri sana," alisema mwezeshaji, na akaliandika kwenye karatasi kubwa ukutani yenye kichwa MASWALI YA KUSUBIRI. Siku ya tano karatasi ile iliviringishwa, ikapakiwa kwenye gari la mradi, ikaondoka. Sijui maswali husubiri wapi.

Wiki mbili baadaye nilikutana na swali langu likiwa limekaa kwenye kigoda.

Ofisi ya jamii ilikuwa na kiwanja chenye vyumba vinane vya mabati, kwa ajili ya wazee waliokimbia vita na kufika Bunia peke yao. Katika chumba cha tatu aliishi bibi mmoja aliyetoka upande wa Bule. Huko alikuwa na shamba la maharagwe na ng'ombe. Huku alikuwa na sufuria, kuku mmoja mweusi na macho mawili meupe kama maziwa yaliyoganda. Kiwanja kizima kilimwita tate, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo.

Nikaanza kusoma maswali ya fishi.

"Tate, uko na watoto?"

"Wawili."

Nikafurahi. "Wanaishi wapi?"

"Moja huku, moja huku," akajibu, akigusa jicho la kulia, kisha la kushoto. "Muganga alisema ni mutoto ya jicho. Basi mi niko na mapacha."

Alicheka mwenyewe. Nikauliza kwa sauti ya chini juu ya wale wengine, wa tumbo. Akaacha kucheka.

"Andika sifuri, mama. Usiulize hesabu ilifika vipi huko."

Niliandika sifuri. Ndipo nikauliza swali la mwisho, ambalo mradi ulijivunia sana: Wewe mwenyewe unataka nini?

"Jicho," alisema. "Moja tu, ya kuangalia njia ya choo. Ile ingine Mungu anaweza kubakia nayo." Akafikiri kidogo. "Na kuku. Huyu muzee wa chumba ya pili anasema kuku yangu ilikufa, ati hii ni yake. Mi namuamini vipi? Anajua siko naona."

Kutoka chumba cha pili sauti ya mzee ikajibu, "Ata ukiona, ni yangu!"

Hivyo ndivyo jambo lilivyokuwa, na ni jepesi kueleweka. Mtoto wa jicho hutibika. Ni kazi ya nusu saa. Daktari wa macho alikuwa akija Bunia kwa ndege, wiki moja tu, kisha anarudi alikotoka kwa miezi mingi. Tate akipata nafasi kwenye orodha yake, ataona. Akikosa, atabaki anahesabu hatua kumi na nne hadi chooni, na siku mvua inapochimba mfereji mpya kwenye hatua ya tisa, ataanguka kama alivyokwisha kuanguka mara mbili.

Nikapeleka fishi kwenye Dirisha. Upande wa afya alikaa kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi kwa imani. Akasoma.

"Vizuri. Garde-malade ni nani?"

"Hana mtu. Imeandikwa."

"Basi haingie mu orodha. Baada ya operesheni jicho inafungwa. Nani atamushika? Nani ataweka dawa mara nne kwa siku? Mimi?"

Nikapiga hatua mbili kwenda dirisha la pili. Mama wa jamii alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye daftari lililojaa majina hadi kwenye jalada.

"Mama, unaweza kumpa mtu wa kumlinda hospitalini siku chache?"

"Mwana wangu, mi niko na vyumba nane. Sina watu, niko na vyumba." Akaniangalia kwa huruma. "Na ukiandika kwamba amepata mutu wake, nitafurahi sana, nitamutoa. Kuna wazee wanalala mu darasa ya kanisa, asubui watoto wanaingia kusoma wanawakuta bado wanavaa."

Hakuna aliyenidanganya. Wote wawili walikuwa sahihi, na kila mmoja alikuwa sahihi katika dirisha lake. Nikamwendea msimamizi wangu wa mradi, mtu aliyevaa fulana yenye nembo hata kanisani, nikamwambia: ili apate jicho lazima awe na mtu, na ili awe na chumba lazima asiwe na mtu. Akasema hiyo ilikuwa changamoto ya kuvutia, na kwamba ingefaa katika ripoti ya robo mwaka.

Daktari wa macho alifika Jumatatu. Jumanne asubuhi nilimkodi mwendesha pikipiki, nikamweka tate katikati yetu, besani ikiwa mgongoni mwangu kama gamba la kobe, tukaenda hospitalini. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu, na nilidhani hasira ni aina ya mpango.

Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Tulipofika mezani, muuguzi hakuinua kichwa.

"Garde-malade iko wapi?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni mimi."

"Weye ni nani kwake?"

"Ni mujukuu yangu," alisema tate, kabla sijafungua mdomo, kwa utulivu wa mtu anayetaja siku ya juma.

Hakuna aliyecheka. Familia yangu ilitoka Butembo na magunia ya biashara, yeye alitoka Bule. Sijui hata salamu katika lugha yake ya nyumbani. Muuguzi alinisikia nikiongea, akamsikia yeye, akajua papo hapo kwamba si ndugu. Foleni nzima ilijua. Lakini katika wodi zetu mwenye kubeba besani ndiye mtoto. Kila siku jirani anaandikwa dada, mwimbaji wa kwaya anaandikwa mpwa, mpangaji anaandikwa mwana, na muuguzi anaandika kwenye daftari bila kutikisa kope, na daftari linawekwa kwenye rafu, na panya wanalisoma. Bunia imetibiwa hivyo miaka yote, kwa uongo ambao kila mtu alikuwa shahidi wake.

"Dada," muuguzi akaniambia, akiiona tableti yangu, "si weye ni wa mradi? Ingiza weye mwenyewe. Mi niko na watu wote hawa."

Nikaingiza. Garde-malade: yupo. Uhusiano. Hapo mashine ikanipa orodha: mume au mke, mtoto, mjukuu, ndugu, mwingine. Nilijaribu "mwingine". Mashine ikadai barua ya mkuu wa mtaa. Nyuma yangu mtu akasema, "Mademoiselle, unaandika Biblia?" Nikabonyeza "mjukuu". Fishi haikuridhika, kwa kuwa ilikuwa fishi ya pamoja na ilitaka kujua yote. Je, garde-malade anaishi Bunia? Ndiyo. Elimu? Chuo kikuu. Ana kazi? Ndiyo. Nilijaza kwa uaminifu mkubwa, kama mtu anayeiba ng'ombe kisha anafunga lango.

Siku tatu nililala wodini. Huko, nyuma ya jengo, chini ya paa la mabati lenye moshi, niliona huduma iliyounganishwa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifanyia warsha. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamlinda mama mkwe wake alinionyesha mahali pa kuchota maji kabla bomba halijakauka. Mwingine, aliyetoka Tchomia na harufu ya samaki wa moshi katika kitambaa cha kikwembe alichojifunga, alinipa makaa yaliyokwisha kushika moto na kunicheka nilivyokuwa nikipuliza.

"Huyu alisoma sana," aliwaambia wenzake. "Angalia, anapuliza jivu."

"Muache. Labda mu chuo moto inapulizwa hivyo."

"Weye ya chuo, weka sufuria yako ya sombe karibu na yangu, mi nitaichunga. Weye enda ukamuogeshe tate yako."

Nikaenda kumwogesha. Sikuwa nimewahi kumwogesha mtu mzima. Alijua, kwa sababu alinielekeza kila hatua kwa sauti iliyosikika hadi wodi ya pili.

Siku ya tatu bandeji ilitolewa. Daktari alimwambia afungue jicho polepole. Akafungua. Alitazama dirisha muda mrefu. Kisha akanigeukia, akanipima kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Kumbe ni weye?" alisema. "Sauti yako ni ya mutu munene."

Aliporudi kiwanjani, jambo la kwanza lilikuwa kuku. Alimshika, akamgeuza, akamtazama miguu. Kisha akamtazama mzee wa chumba cha pili, ambaye ghafla alikuwa na shughuli ya kufunga kamba ya kiatu asichokuwa amevaa. "Mi nilikata kucha moja ya kuku yangu," alisema tate. "Angalia hapa." Tukaangalia. Mzee akasema basi ni salamu tu alikuwa anamsalimia yule kuku miezi yote.

Hospitalini tulikuwa tumeambiwa mambo mawili. Dawa ya matone mara nne kwa siku, wiki sita, na chupa itatolewa kila Ijumaa kwa garde-malade aliyeandikwa kwenye fishi, si kwa mtu mwingine. Na jina la tate limewekwa kwenye orodha ya jicho la pili, daktari atakaporudi. Nilikuwa napita asubuhi na jioni kuweka matone. Ya mchana, mara mbili, aliwekewa na mzee wa kuku, kama adhabu.

Wiki mbili zikapita vizuri. Kisha msimamizi akatuita wote kwenye mkutano wa mradi. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye nembo kifuani.

"Leo," alisema, "kwa mara ya kwanza, mashine ya afya na mashine ya jamii zimeongea!"

Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Akaeleza. Zamani mtu angeweza kusema hivi kwenye ofisi moja na vile kwenye nyingine, na hakuna ambaye angejua. Sasa fishi ni moja. Mashine imelinganisha majina usiku kucha, na imepata mzee mmoja anayekaa kwenye chumba cha wasio na mtu, ilhali hospitalini ana mjukuu, mjukuu mwenye shahada na kazi, anayeishi hapa hapa mjini. Chumba kitarudishwa, mzee mwingine mwenye shida ya kweli ataingia. Huo ndio uunganishaji. Aliahidi kuliweka tukio hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Wakapiga makofi tena. Mimi nilitazama tableti yangu.

Baada ya mkutano nilimfuata nikamwambia ukweli wote. Alinisikiliza, furaha ikimtoka taratibu kama upepo kwenye mpira.

"Kwa hiyo uliandika uongo."

"Niliandika kile foleni nzima ilisema."

"Foleni haina sahihi kwenye fishi. Weye uko nayo." Akapunguza sauti. "Sikia. Tukifuta mjukuu, basi operesheni ilipita bila garde-malade. Dosie, faili yake ya afya, inasimama. Dawa inasimama, jicho la pili linatoka mu orodha, mpaka uchunguzi umalizike. Na weye kazi yako, mi sijui. Tukiacha mjukuu, anatoka mu chumba. Chagua."

"Siwezi kuchagua. Si jicho langu."

Hapo alipata wazo, na nadhani lilikuwa la heshima kuliko yote aliyopata mwaka ule. Kamati ingeenda kumuuliza mwenyewe.

Kamati ilikwenda Alhamisi, saa nne asubuhi: msimamizi, kijana wa afya na koti lake, mama wa jamii na daftari lake. Mimi nilikwenda kama mshtakiwa. Wazee wa kiwanja walitoka vyumbani wakakaa kando ya ukuta, kwa kuwa hakukuwa na burudani nyingine. Tate aliletewa kigoda. Akawatazama wageni mmoja mmoja kwa jicho lake, bila haraka, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Tate," alianza msimamizi, "tunataka weye useme ukweli. Huyu binti ni mujukuu yako?"

"Nikisema ndiyo?"

Mama wa jamii akajibu, akitazama daftari. "Basi uko na mutu, mama yangu. Chumba inapewa mwingine."

"Nikisema hapana?"

Kijana wa afya akakohoa. "Basi garde-malade haikuwa. Dawa ya Ijumaa itasimama kwanza. Na jicho ya kushoto itatoka mu orodha. Kwanza tu, tate. Mpaka tuelewe."

"Na dawa ikisimama, hii ya kulia inafanya nini?"

Kijana akanyoosha kola ya koti lake. Wote tulijua kwamba jicho lingeweza kuharibika. Wazee kando ya ukuta nao walijua.

Tate akatikisa kichwa polepole. "Mbele mulikuwa ofisi mbili."

"Ndiyo, tate."

"Mutu alikuwa anaweza kuwa na mujukuu ile upande, na kukosa mujukuu huu upande."

"Zamani, ndiyo," alisema msimamizi. "Ilikuwa vurugu."

"Ilikuwa vurugu," akakubali tate. "Watu walikuwa wanapona."

Wazee walicheka. Mzee wa kuku alijipiga kofi gotini. Hata mama wa jamii alifunika mdomo kwa daftari. Msimamizi alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa upole kwamba lazima kitu kiandikwe.

Tate alinigeukia. Alikuwa amevaa kitambaa kisafi kichwani, alikuwa amejiandaa. Kwa jicho moja jeupe na moja jeusi alinitazama, kisha akasema, "Ni mujukuu yangu. Andika."

"Basi chumba..."

"Nimesikia chumba. Chumba niliijua kwa mikono tu, sasa nimeiona. Siyo kitu ya kulilia."

Msimamizi akanigeukia mimi. Sheria ilitaka upande wa pili uthibitishe. "Na weye? Unakubali kwamba ni tate yako, na kwamba familia yenu itamupokea?"

Nimeuliza maswali maisha yangu yote. Nimewauliza maprofesa wanatoa wapi takwimu zao, mapadre wanajua vipi, wanasiasa walikula nini. Sasa niliulizwa mimi, swali la ndiyo au hapana, nami nikanyamaza. Nikaona nyumba yetu: vyumba viwili na sebule, wadogo zangu wanne, baba ambaye biashara ya viazi humweka Komanda wiki nzima, mama yangu ambaye sikuwa nimemwambia hata neno moja. Nikaona kitanda changu, cha kwangu peke yangu, nilichokipata baada ya kumaliza chuo na kukipenda kuliko shahada yenyewe. Nikatafuta kama kuna ofisi ya tatu. Mashujaa wa huduma iliyounganishwa wangejibu haraka. Mimi nilikawia kiasi kwamba mzee mmoja kando ya ukuta alitema mate, na kijana wa afya akatazama viatu vyake.

Kabla ya operesheni tate angesikia tu kimya hicho. Sasa alikiona, usoni pangu, chote.

"Usiogope," aliniambia kwa sauti ya chini, ya watu wawili. "Mi nakula kidogo."

Ndipo nikasema ndiyo. Msimamizi akaandika. Mama wa jamii alinishika bega akaniambia Mungu anibariki, na alimaanisha, na papo hapo akafungua daftari kutafuta jina la mzee anayefuata.

Tulifika nyumbani kwetu alasiri, kwa pikipiki, na besani, na sufuria, na kuku amefungwa miguu. Mama yangu, anayeuza bikwembe sokoni na kupima watu kwa jicho kabla ya kuwapimia kitambaa, alikuwa mlangoni.

"Ni nani?"

Nikaanza kueleza. Nikataja mradi, dirisha, fishi, mashine zilizoongea.

"Mi sikuuliza mradi. Niliuliza nani."

Tate akashuka, akamsalimia kwa kupiga goti kidogo, jambo ambalo mtu wa umri wake hapaswi kumfanyia mama yangu. "Mama, mi niko mugonjwa ya huyu mutoto."

Mama akanitazama. "Na ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Bila kuuliza mu hii nyumba?"

"Bila."

"Chuo ilikufundisha kuuliza watu wote," alisema, "ilisahau mama yako." Kisha akamshika tate mkono, akamnyanyua kutoka pale alipoinamia, akachukua besani. "Hapana kunipigia goti, tate, tutaaibika kwa majirani. Dawa ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi ingia. Huyu atalala sebuleni na viazi vya baba yake."

Jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki mdogo kwa sababu kulikuwa na mgeni. Tate alikata tonge moja, akalichovya, akala taratibu sana. Kisha akakunja mikono akasema ameshiba. Mama akasukuma sahani mbele yake. Tate hakuigusa. Aligeuza kichwa akanitafuta mimi, upande wa pili wa meza, kwa lile jicho ambalo matone yake nilikuwa nimeyaweka saa moja iliyopita, akanitazama usoni, akingoja kama mbele ya kamati.

Nikachukua kipande cha samaki kilichokuwa changu, nikakiweka juu ya sombe yake. Alikitazama kile kipande, akanitazama tena, muda mrefu kidogo, ndipo akanyoosha mkono akala.